Mchangishaji akikusimamisha barabarani: jinsi ya kutoa kwa akili na kukataa kwa adabu

Mombasa ni nadra mtu kumaliza siku bila kuombwa. Kwenye kibanda cha kungojea feri Likoni kuna mwenye ndoo ya plastiki na fulana yenye nembo ya shirika. Ndani ya matatu kuna mama mwenye bahasha ya kaki na barua ya hospitali, au kijana anayengoja gari liondoke ndipo aanze kusema yake. Mwembe Tayari kuna mwanafunzi wa sare na kadi ya kuchangisha, na barabara za mitaani hupita gari lenye vipaza sauti likikusanya pesa za ujenzi wa nyumba ya ibada. Ukienda supamaketi Nyali, pale unapolipia pana kisanduku cha vioo kina sarafu ndani na picha ya mtoto nje.

Wengi wetu hutoa kwa kuona haya, au hukataa kwa ukali. Kuona haya humpa pesa aliye hodari wa kuomba, naye si lazima awe ndiye mwenye shida. Ukali nao humuumiza mtu ambaye huenda mgonjwa wake kweli yumo wodini. Hatua zilizo hapa chini ni za kumsaidia mtu aepuke yote mawili. Nimeziandika kwa mazingira ya Mombasa, kwa hiyo sheria na nambari za simu ni za Kenya.

1. Kata fungu lako kabla hujatoka nyumbani

Tabu ya barabarani ni kwamba unatakiwa uamue kwa sekunde chache, watu wakikutazama, na huku kondakta anadai nauli. Uamuzi wa namna hiyo mara chache huwa mzuri, kwa hiyo ufanye mapema. Mwanzo wa mwezi tenga kiasi ambacho hata kikiisha chote hakitagusa kodi ya nyumba wala unga. Kisha kigawe mara mbili. Fungu dogo liwe la sarafu na noti ndogo, ulitie mfuko wa mbele, la kumpa mtu aliye mbele yako. Fungu kubwa libaki kwenye simu au benki, lingojee mchango uliokaa nao ukaukagua.

Piga hesabu uone. Shilingi 50 kwa siku, siku tano za kazi, ni 250 kwa wiki. Kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 13,000. Karo ya mwaka ya shule ya upili ya bweni ya ngazi ya kaunti, kwa mwongozo wa serikali, imekuwa shilingi 40,535. Ina maana ile noti ya hamsini unayoiachia upesi ili uachwe upite inakaribia thuluthi ya karo ya mtoto mmoja. Simzuii mtu na hamsini yake. Ninachosema ni kwamba pesa hiyo ni nyingi kuliko inavyoonekana ikitoka kidogo kidogo, na inastahili kufikiriwa.

2. Jua kama anajiombea mwenyewe au anawaombea wengine

Msingi wa mambo yote yanayofuata ni huu.

Kipofu aliyeketi kando ya Moi Avenue na kikopo chake anajiombea. Wazee wanaopita duka hadi duka Biashara Street siku ya Ijumaa, wenye maduka wakiwa wameshawawekea sarafu zao tayari, wanajiombea. Hawakufichi pesa inakokwenda: inakwenda mkononi mwao, na jioni itakuwa chakula. Mtu wa namna hii hana haja ya cheti wala risiti, na kumsimamisha umhoji habari za maisha yake ni kumdhalilisha. Una cha kumpa, mpe. Huna, mwambie neno jema upite.

Mchangishaji ni mtu mwingine kabisa. Yeye anasema, nipe mimi nimpelekee fulani. Pesa ikishaingia ndooni mwake si yake tena wala si yako, ni amana, na aliyebeba amana huulizwa. Kumuuliza hakumaanishi kuwa umemshuku. Ni haki ya yatima, ya mgonjwa, ya mwanafunzi ambaye jina lake limetajwa ili wewe utoe. Usipouliza, ukaliwa, aliyeibiwa kwa kweli ni yule yatima, maana wewe ulikwisha kuiachia pesa hiyo. Nataka tulishike hili kwa nguvu, kwa sababu wengi tumelelewa tukiamini kwamba kuuliza kunaharibu sadaka.

Wako wa katikati, kama mama anayemuombea mwanawe aliyelazwa. Anaomba kwa ajili ya mtu mwingine, lakini mtu huyo ni damu yake. Kwake uliza kwa sauti ya chini na kwa huruma, lakini uliza.

3. Maswali ya kumuuliza mwenye ndoo

Msalimie kwanza. Akiwa mtu mzima, mpe heshima yake: mzee, mama, bi mkubwa. Akiwa kijana, kaka au dada. Salamu hupunguza makali ya maswali, na hukupa muda wa kumtazama usoni.

Kisha muulize ni shirika gani na limesajiliwa wapi. Jibu lenye maana litakuwa mojawapo ya haya. Mashirika ya hisani husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya serikali ya 1990. Vikundi vidogo vya mtaani, vya kina mama, vijana au walemavu, husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na cheti chao hutoka idara ya maendeleo ya jamii. Vyama vingine viko kwa Msajili wa Vyama. Akikujibu tu "sisi ni wa serikali" au "sisi ni wa kimataifa," bado hajajibu.

La pili, muulize kibali cha kuchangisha. Watu wengi huchanganyikiwa hapa. Cheti cha usajili kinasema kikundi kipo. Hakisemi kikundi kimeruhusiwa kusimama njiani kukusanya pesa za watu. Kenya ina sheria yake juu ya jambo hili, Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, iliyokuwapo tangu kabla ya uhuru, na inataka anayechangisha kwa umma awe na leseni. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti kilichotiwa plastiki, kisome, mshukuru, kisha umuulize tena kwa upole: "Na kibali cha kuchangisha mahali hapa?"

La tatu, pesa inakwenda kufanya nini hasa. Usikubali "kusaidia watoto." Watoto gani, wako wapi, wanahitaji nini, na mwezi uliopita mlifanya nini? Kituo cha watoto kilichopo kina mtaa, kina majirani, kina mlango unaoweza kubishwa. Mwambie ungependa kwenda kukitembelea Jumamosi. Mwenye kituo atakupa maelekezo mpaka kona ya mwisho na pengine akusihi uje kweli. Asiye nacho ataanza kukueleza kwamba wageni hawaruhusiwi, kwamba watoto wamehamishwa, kwamba mkurugenzi amesafiri.

Muulize pia kama analipwa. Si vibaya mchangishaji kulipwa, kusimama juani kutwa ni kazi. Lakini una haki ya kujua kama sehemu ya shilingi yako ni ujira wake, na anayejibu waziwazi swali hili mara nyingi ni mtu wa kuaminika.

La mwisho, na ukiwa na haraka uliza hili peke yake: "Naweza kutuma kwa Paybill ya shirika?" Paybill ni nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo kwa jina la shirika lenyewe. Shirika la kweli litafurahi, kwa sababu pesa hiyo inaingia kwenye vitabu vyake bila kupitia mikono mingi. Anayesisitiza noti mkononi, au anayekupa nambari yake binafsi ya simu "kwa sababu Paybill ina matatizo leo," amekwisha kukujibu.

Ukumbuke jambo moja la haki. Wengi wanaosimama na ndoo ni vijana wa kujitolea waliopewa fulana asubuhi hiyo hiyo. Kutojua sheria ya usajili si ushahidi wa wizi. Kijana akikwama, muombe jina la kiongozi wake na mahali ofisi ilipo, umuache aendelee. Kinachotia shaka ni mtu kukasirika akiulizwa, kukuharakisha, au kupandisha sauti ili abiria wengine wakuone mchoyo.

Tunajua mchango uliopangwa vizuri unafananaje. Julai 2011, ukame ulipowakaba watu wa Turkana na kaskazini, ulianzishwa mchango wa Kenyans for Kenya. Lengo lilitangazwa mapema, shilingi milioni 500 kwa wiki nne, makampuni na vyombo vya habari vilivyouanzisha vilijulikana kwa majina, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ndio uliokabidhiwa kazi ya kufikisha msaada. Watu walituma kwa simu hata shilingi kumi kumi. Kikundi cha mtaani hakiwezi kuwa na ukubwa huo, lakini kinaweza kuwa na lengo lililoandikwa, majina ya kamati na mahali pa kutolea hesabu.

4. Soma karatasi, hasa tarehe

Barua ya hospitali ndiyo inayotuvunja moyo kuliko zote, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuwa na mgonjwa. Ichukue uisome, usiitazame tu. Anza na tarehe. Barua ya kuomba msaada wa upasuaji iliyoandikwa miaka miwili nyuma, imekunjwa mpaka inachanika, inahitaji kuelezwa. Angalia jina la mgonjwa, nambari yake ya hospitali, wodi, kiasi cha bili, muhuri na jina la aliyetia sahihi. Nakala ya mashine si kosa, mtu hawezi kuzunguka na karatasi ya asili ikapotea. Lakini nakala ambayo jina limeandikwa kwa kalamu juu ya jina jingine, hiyo ni habari nyingine.

Kama ni hospitali kubwa kama Coast General pale Makadara, jua kwamba hospitali za umma zina maafisa wa ustawi wa jamii, ambao kazi yao mojawapo ni kupima uwezo wa familia na kushughulikia maombi ya kupunguziwa au kusamehewa bili. Muulize mwenye barua, "Mama, afisa wa ustawi umeshamuona?" Mara nyingine swali hilo litakuwa na thamani kuliko shilingi mia, maana wapo watu wanaozunguka mjini na bahasha wiki nzima bila kujua kwamba mlango huo upo. Na akikwambia mgonjwa amepona lakini amezuiliwa kwa sababu ya deni, mwambie hili pia: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia kina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa ajili ya bili kulivunja haki zao za kikatiba. Deni halifutiki kwa hukumu hiyo, lakini familia inaweza kudai mgonjwa atoke na deni lilipwe kwa mpango.

Ukitaka kuhakikisha, piga simu hospitali kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe. Usipige iliyoandikwa kwenye barua. Usitegemee wakueleze ugonjwa wa mtu. Hizo ni siri za mgonjwa na hawapaswi kukwambia. Uliza tu namna ya kulipia bili ya mgonjwa mwenye nambari fulani.

Kadi za wanafunzi nazo ni hivyo hivyo. Kumuona mtoto wa sare mjini Jumanne saa nne asubuhi kusikufanye umwite mwongo, kwa sababu bado watoto wetu hurudishwa nyumbani kwa karo. Muulize jina la shule, la mwalimu mkuu, na kama ana karatasi ya mchanganuo wa karo. Tazama safu za majina kwenye kadi: kama waliotangulia wote wameandika elfu moja moja kwa mwandiko mmoja, kadi hiyo imejazwa ili ikutie aibu. Mtoto wa kweli mwenye shida ya karo umwelekeze pia kwenye basari za kaunti na za hazina ya eneo bunge, ambazo zina fomu na muda wake wa kuomba, na mara nyingi watu huzikosa kwa kuchelewa tu.

5. Ipeleke pesa pale inapodaiwa

Ukisharidhika, usiitie pesa mkononi kama inaweza kwenda moja kwa moja. Bili ya hospitali ilipwe hospitalini kwa nambari ya mgonjwa. Karo iingie akaunti ya shule kwa jina na nambari ya mwanafunzi. Saruji ya madrasa inunuliwe dukani na kupelekwa na mwenye duka. Shirika lipewe kwa Paybill. Maneno ya kusema ni mepesi: "Dada, nimeisoma barua yako na pole sana. Nitalipa pale pale hospitali. Nipe nambari ya mgonjwa." Mwenye mgonjwa atakuandikia nambari hiyo hata kwenye kiganja cha mkono.

Unapotuma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujathibitisha. Lisome. Ndoo ikiwa na jina la kituo cha mayatima na simu ikaleta jina la mtu binafsi, futa hapo hapo. Ukishathibitisha kwa makosa, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 upesi, kuomba urudishiwe. Upesi, kwa sababu pesa ikishatolewa na mpokeaji kazi inakuwa ngumu.

Visanduku vya dukani visisahauliwe. Muulize mwenye duka nani hukifungua kisanduku, na mara ya mwisho kilifunguliwa lini. Kama hajui nani alikileta, sarafu zako zina mahali pengine pazuri zaidi.

6. Linda mfuko, simu na kitambulisho

Penye msongamano kama lango la feri au soko la Kongowea, usifungue pochi. Hiyo ndiyo sababu ya sarafu kukaa mfuko wa mbele. Mtu mmoja akikushika kwa maneno, mwingine aweza kuwa nyuma yako, na huyo wa pili ndiye aliyekuja kazini.

Simu yako usimpe mtu "akuingizie nambari." Ingiza mwenyewe, nambari ya siri uifunike.

Fomu za "kuwaunga mkono watoto" zinazotaka jina kamili, nambari ya kitambulisho, ya simu na sahihi ziogope kuliko ndoo. Kutoa mchango hakuhitaji nambari ya kitambulisho. Taarifa hizo zikikusanywa zinaweza kutumika kusajili laini za simu kwa jina lako, na laini hizo zikafanya utapeli. Kama umewahi kujaza fomu ya namna hiyo na una laini ya Safaricom, piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ndani ya matatu una shida ya ziada: huwezi kuondoka. Hulazimiki kusema neno. Mtu akipita na bahasha, tikisa kichwa kwa upole, mtazame, usijifanye umelala. Akianza kukutaja hadharani, mwambie kondakta. Gari ni mahali pake pa kazi na anajua nani hupanda kila siku na kisa kile kile.

7. Namna ya kukataa

Watu wa pwani tuna maneno mazuri ya kukataa na inasikitisha yakipotea. "Niwie radhi, leo sijajaaliwa." "Mungu akufungulie, ndugu yangu." "Samahani mama, nimeshatoa fungu langu mwezi huu." Qurani inasema anayeomba asikaripiwe, na inasema maneno mema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Nadhani hata asiye Muislamu anaona ukweli wake: mtu anaweza kuondoka mikono mitupu na heshima yake ikiwa nzima.

Sema mara moja, usijieleze sana. Ukianza kutoa sababu kumi, anayejua kazi yake atazijibu moja moja. Usiseme "ukirudi kesho nitakupa" kama hukusudii kutoa, kwa sababu wapo watakaorudi, na kwao ahadi yako ilikuwa nauli ya kuja. Wala usimtukane anayekufuata hatua mbili tatu. Endelea kutembea kuelekea penye watu, au ingia dukani.

Akiwa mtoto, au akiwa na mtoto

Hapa naomba usome polepole. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC Africa Eye ulionyesha jinsi watoto wenye ulemavu walivyochukuliwa Tanzania, wazazi wao wakiahidiwa kwamba wanakwenda kutunzwa, wakavushwa mpaka na kufanywa ombaomba wa kutwa katika barabara za Nairobi. Walioingiza pesa walikuwa watu wengine. Kila sarafu iliyodondoka kwenye kikombe cha mtoto yule ilimfanya azidi kuwa na faida kwa aliyemuiba.

Kwa hiyo mtoto anayeomba peke yake, au aliyewekwa kwenye kiti cha magurudumu mahali pale pale asubuhi mpaka usiku huku mtu mzima akizungukazunguka karibu, usimpe pesa. Najua ni vigumu, moyo unakataa. Mpe maji, mpe chakula ale ukiwapo. Kisha tazama kwa makini: mahali, saa, nguo, lugha anayozungumza, nani humjia kukusanya pesa. Usimkabili mtu huyo mwenyewe, anaweza kumhamisha mtoto usiku ule ule au kumpiga. Usimpige mtoto picha ukaisambaza kwenye makundi ya simu.

Piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, inayofanya kazi Kenya na Tanzania pia. Upelelezi wa jinai unapokea taarifa kwa 0800 722 203 bila malipo na bila kutaka jina lako. Unaweza pia kwenda kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu mtoto anayeombaomba kuwa mtoto anayehitaji malezi na ulinzi. Unapopiga simu, ndicho unachomwombea.

Mama aliyejifunga mtoto mgongoni na anaomba ni hali tofauti, na mara nyingi ni umaskini mtupu. Tumia busara. Mtoto anayelala kutwa nzima katikati ya kelele na jua bila kuamka hata kunyonya, huyo anahitaji simu ya 116.

Ramadhani, na michango ya nyumba za ibada

Mwezi wa Ramadhani wachangishaji huongezeka mpaka milango ya misikiti inajaa. Kama pesa yako ni zaka, usiiachie tu ndoo yoyote. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa, na jukumu la kuwafikia ni lako. Mwambie mchangishaji wazi kwamba hii ni zaka, umuulize wanaigawa vipi. Wakiwa wanaichanganya na pesa za rangi ya ukuta, ipeleke kwingine, au mtafute jirani anayefunga mlango kwa kuona haya na hajawahi kumuomba mtu. Mitaa yetu inao wengi.

Kwa michango ya ujenzi, ya msikiti au ya kanisa, uliza kamati. Jengo lina kiwanja, lina imamu au mchungaji, lina mweka hazina. Gari la vipaza sauti kutoka kaunti ya mbali likishindwa kukutajia hata mtu mmoja unayeweza kumpigia simu huko, huna sababu ya kulipa pesa.

Ukigundua umetapeliwa

Usifute ujumbe wa muamala. Sambaza nambari ya tapeli kwa 333 kama ni ya Safaricom. Andikisha kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hata kama ni shilingi mia mbili, kwa sababu malalamiko madogo kumi ya mtu mmoja huwa kesi moja. Kama alitumia jina la shirika la kweli, lipigie simu shirika hilo. Nalo limeibiwa jina.

Na ukiwa wewe ndiye unayechangisha

Siku moja mgonjwa atakuwa wako, au shule itakayobomoka kwa mvua itakuwa ya mtaa wako. Maswali yale yale yatakurudia, kwa hiyo jitayarishe kuyajibu kabla hujaulizwa. Pata kibali. Fungueni akaunti au Paybill kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Vaa beji yenye jina lako kamili na picha. Beba nakala safi ya barua yenye tarehe ya karibuni, kitabu cha risiti chenye nambari zilizopangika, na karatasi moja inayosema: tunahitaji kiasi hiki, tumeshapata kiasi hiki, tutakoma tarehe hii. Ndoo ifungwe kwa kufuli au stika, ifunguliwe mbele ya watu watatu, na hesabu iandikwe papo hapo.

Usimkimbilie mtu. Usiwatume watoto. Anayekataa mshukuru kama anayetoa, maana pengine ametoa asubuhi kwa mwingine. Na mchango ukiisha, rudini pale pale mliposimama, Likoni au Mwembe Tayari, mbandike karatasi ya hesabu: kilichopatikana, kilicholipwa, kilichobaki na kinakokwenda.